Mlango wa fundi kwenye intaneti ya koperative

Fundi akimaliza kuweka intaneti kwenye biro ya koperative, mara nyingi anaacha mlango mmoja wazi, ili aweze kutengeneza ruta akiwa Kalemie mjini bila kulipa pikipiki mpaka kijijini. Hatumlaumu, barabara zetu tunazijua. Lakini mlango ule haumjui fundi ni nani. Kuna programu zinazogonga kila anwani ya intaneti usiku na mchana, na biro ya Nyunzu inagongwa sawasawa na benki ya Kinshasa.

Mwizi akiingia kwenye ruta, anaweza kumpeleka katibu kwenye ukurasa wa benki wa uongo, na feza ya mahindi ya wanachama ikaenda hivyo. Au anaitumia ruta yenu kupiga wengine. Mwaka 2016 kampuni ya simu Lonestar ya Liberia ilishambuliwa kwa kamera nyingi zilizotekwa namna hii, wenyewe hawana habari. Mwingereza aliyefanya hivyo alihukumiwa London mwaka 2019.

Tupime basi. Mkiwa kwenye wifi ya biro, fungueni tovuti inayoonyesha anwani yenu ya intaneti, muandike ile namba. Halafu zimeni wifi, washeni mega za simu, muandike namba hiyo kwenye kivinjari. Kuzima wifi ndiyo kazi yenyewe: ukipimia ndani, ukurasa wa ruta unaweza kufunguka tu, hata kama nje umefungwa. Ukiona ukurasa unaoomba jina na neno la siri la ruta, mlango uko wazi.

Ukikuta kimya, usishangilie bado. Milango mingine haina ukurasa. Mwambieni fundi apime, akiwa nje, namba 23, 161 na 7547, na 8291 kama ruta ni MikroTik. Hiyo 161 ni ya SNMP, na ina ujanja: inapita kwa UDP, kipimo cha kawaida cha TCP hakiioni kabisa, tena inaweza kunyamaza mpaka uitaje neno lake. Kwenye mashine nyingi neno la kiwandani ni «public». Ajaribu na hilo. Apime ruta yenu tu, kwa ruhusa ya komite. Ya jirani asiiguse.

Mkikuta wazi, zimeni usimamizi wa mbali, mubadilishe neno la siri la kiwandani. Kama fundi anauhitaji kweli, aufungulie anwani yake peke yake. Na siku mtu atakapobonyeza kile kitufe kidogo cha kurudisha ruta upya, mipangilio yote itafutika: pimeni tena siku ileile.