KIJANA, UNAPANGA FOLENI KWA AJILI YA NANI?

Rafiki yangu uliyeshika karatasi hii, hebu nikuulize swali. Ni kitu gani kinachoweza kukutoa kitandani alfajiri, ukasimame nje ya geti kwenye baridi mpaka jioni, halafu usilipwe hata senti tano, tena wewe ndiye unayelipa?

Usijibu haraka. Kwanza soma habari hizi. Si hadithi za kutunga.

WATU HAWA NI AKINA NANI?

Iko bendi moja ya Uingereza, jina lake Iron Maiden. Ilianzishwa mwaka 1975 mashariki mwa jiji la London na kijana mpiga gitaa la besi, Steve Harris. Muziki wao ni roki nzito: magitaa yanaunguruma, besi inakimbia kama farasi, dramu hazipumziki, na mwimbaji wao Bruce Dickinson ana sauti inayopanda kama king'ora. Redio nyingi hazikuwapenda tangu mwanzo. Nyimbo zao ni ndefu, nyingine zinapita dakika kumi, zinasimulia vita vya zamani, mafarao, mabaharia waliopotea. Nani atapiga wimbo kama huo kati ya matangazo ya sabuni?

Sasa, bendi isiyopigwa sana redioni imewezaje kutimiza miaka hamsini mwaka 2025 ikijaza viwanja vya mpira? Jibu ni mashabiki. Watu wenyewe ndio waliowabeba.

Na mashabiki hawa, ndugu yangu, si mchezo! Mtu ana koti la jinzi limeshonewa viraka vya bendi mgongo mzima. Mwingine amechora mkononi picha ya Eddie kwa wino usiofutika. Huyu Eddie ni zimwi la kuchora, limekaa kwenye jalada la albamu zao tangu ile ya kwanza ya mwaka 1980, na kila onyesho hutokea jukwaani akiwa mkubwa kuliko mtu, watu wakapiga kelele kama wamemwona ndugu aliyepotea. Iko klabu ya mashabiki, na humo wanachama hupigiwa kura ya bahati ili wachache waingie kabla ya wengine, wakashike vile vyuma vya mbele kabisa. Unaona? Kuna watu wanaomba usiku na mchana wapate nafasi ya KUSHIKA CHUMA, ili tu wasimame mita chache kutoka kwa mpiga gitaa.

Wana na utaratibu wao. Kabla onyesho halijaanza, spika hupiga wimbo wa bendi nyingine, UFO, uitwao Doctor Doctor. Mgeni atadhani ni muziki wa kupotezea muda tu. Lakini wenyeji wanajua: huo ukianza, simu mfukoni, taa zinakaribia kuzimwa. Ukifika wimbo wa Fear of the Dark, umati haungoji hata maneno. Wanaimba sauti ya GITAA. Mwaka 2001 kule Rio de Janeiro, Brazil, umati wa watu wengi kupita kiasi uliimba ile sauti ya gitaa kwa pamoja, ikarekodiwa, na mpaka leo ukiisikiliza unashindwa kujua bendi inaongoza watu au watu wanaongoza bendi.

Mwaka 2008 walianza kusafiri kwa ndege yao ya kukodi, Boeing 757, na rubani alikuwa nani? Dickinson mwenyewe! Alikuwa na leseni kamili ya kurusha ndege za abiria. Anatua, anabadili nguo, anaimba. Mwaka 2016 wakapanda kwenye Boeing 747, na mwezi Mei mwaka huo ikawaleta mpaka Afrika Kusini.

ETI NI WAABUDU SHETANI?

Najua hilo ndilo swali ulilokuwa unalingoja. Mwaka 1982 walitoa albamu yenye wimbo uliotaja ile namba ya mnyama iliyoandikwa katika kitabu cha Ufunuo, sura ya 13. Marekani kukawaka moto. Makundi ya Kikristo yalikusanya santuri za bendi hiyo na kuziteketeza hadharani. Wengine, kama alivyosimulia Harris baadaye, waliona heri kuzivunja kwa nyundo, maana waliogopa kuvuta moshi wake! Harris alieleza kwamba wimbo ule ulitokana na ndoto mbaya aliyoota baada ya kutazama sinema ya kutisha. Ni hivyo tu.

Sasa sikia jambo la Chile. Mwaka 1992 bendi ilitarajiwa kupiga jijini Santiago. Viongozi wa Kanisa Katoliki wakalipinga onyesho, likafutwa. Vijana waliokuwa wamengoja wakarudi nyumbani na tiketi zisizo na kazi. Je, waliacha? Hata! Mwaka 2009 Iron Maiden walipofika kwenye uwanja wa mbio za farasi pale Santiago walikuta makumi ya maelfu. Mwaka 2011 wakajaza Uwanja wa Taifa, wakarekodi humo albamu nzima ya onyesho. Wale wa mwaka 1992 walikuwa wamekua, wengine wamekuja na watoto wao.

Mimi naona wenye nyundo na wenye amri walipitwa na jambo moja. Walishughulika na santuri, hawakushughulika na kijana. Hakuna aliyeketi naye akamwuliza: Mwanangu, unapata nini kule ambacho hapa kwetu umekikosa?

JE, WANAPATA NINI?

Tazama Sarajevo, halafu utaniambia.

Kuanzia Aprili 1992 mji huo wa Bosnia ulizingirwa na majeshi. Mizinga ikapiga kutoka milimani, walenga shabaha wakapiga watu wakivuka barabara. Umeme ulikuwa wa kubahatisha. Maji yalibebwa kwenye madumu, na mtu aliuawa akiwa kwenye foleni ya maji au ya mkate. Mzingiro ule ulipita miaka mitatu na nusu, na waliokufa walizidi elfu kumi.

Desemba 1994, Bruce Dickinson, ambaye wakati huo alikuwa ameiacha Iron Maiden na kuunda bendi yake mwenyewe, alikubali kwenda kupiga humo. Safari ya helikopta ya Umoja wa Mataifa ikashindikana. Basi wakaingia usiku ndani ya lori, kwa njia ya mlima Igman, njia ambayo magari yalikuwa yakipigwa risasi. Wakafika. Wakapiga kwenye ukumbi wa utamaduni wa mji, na vijana wakaja.

Hebu fikiri, ndugu! Kutoka nyumbani kwenda dansini kulikuwa ni kuhatarisha roho. Mama anamwambia mwanawe, baki ndani. Naye anatoka. Kwa nini? Miaka mingi baadaye ilitengenezwa filamu juu ya usiku ule, na vijana wale wale, sasa watu wazima wenye mvi, wanaeleza. Kwa saa chache walijiona kuwa watu wa kawaida. Mtu kutoka nje alikuwa amekumbuka kwamba wapo. Alikuja KWAO, hakuwangoja watoke.

Hilo usilipite haraka. Kijana hatafuti kelele. Kelele zilikuwa tele Sarajevo, za bure, usiku na mchana. Anatafuta mahali ambapo akiingia, watu wasiomjua jina wanamshika bega na kuimba naye.

LAKINI IKO GHARAMA

Sitakuficha. Tarehe 20 Agosti 1988, kwenye viwanja vya Donington, Uingereza, zaidi ya watu 100,000 walikusanyika, na Iron Maiden ndio waliokuwa wa mwisho kupiga. Mchana, bendi nyingine ikiwa jukwaani, mvua ilikuwa imelowesha mteremko, umati ukasukumana mbele, watu wakaanguka matopeni. Vijana wawili hawakuinuka tena. Iron Maiden waliambiwa habari hiyo baada ya kumaliza kupiga. Mwaka uliofuata tamasha hilo halikufanyika. Vijana wawili walitoka kwao asubuhi wakiwa na furaha, na jioni wazazi wakapokea habari.

Nao wanaoshangiliwa ni watu wa nyama na damu. Mpiga dramu wao wa zamani, Clive Burr, alipatwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, akaishia kwenye kiti cha magurudumu. Bendi ikapiga maonyesho ya kumchangia, mashabiki wakanunua tiketi. Alifariki mwaka 2013. Dickinson mwenyewe aligunduliwa saratani nyuma ya ulimi, mwimbaji kupigwa mahali pa sauti! Mei 2015 madaktari wakamwambia imekwisha, na mwaka uliofuata akawa anaimba tena.

YULE MTU WA NYUMA YA DRAMU

Aliyechukua nafasi ya Burr ni Nicko McBrain, mtu mwenye pua bapa na vichekesho vingi, anayepiga dramu bila viatu. Wengi hawalijui hili: mwaka 1999, akiwa anaishi Florida, Marekani, mkewe alimpeleka kanisani, na huyu bwana AKAOKOKA. Ndiyo, mpiga dramu wa bendi ile ile iliyovunjiwa santuri kwa nyundo!

Utasema, basi aliacha bendi. Hakuacha. Alikaa miaka 25 mingine, na ule wimbo wa mwaka 1982 akaupiga mara nyingi ajabu. Amesema hadharani kwamba haoni bendi yake kuwa ya Shetani. Wako wanaokubaliana naye, wako wanaokataa, na ubishi huo haujaisha. Lakini hakuna aliyemvuta kwa nyundo. Mtu mmoja wa nyumbani mwake alimwambia tu, twende.

Januari 2023 alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea kuanzia begani. Baada ya majuma mengi ya mazoezi, mwezi Mei mwaka huo huo alikuwa tena jukwaani, ingawa mapigo mengine ya kasi mkono ulikataa. Mashabiki walisikia tofauti. Walijua kila pigo kwa moyo, wangekosaje kusikia? Wakazidi kumshangilia.

Tarehe 7 Desemba 2024, São Paulo, Brazil, alipiga onyesho lake la mwisho la ziara, akiwa na miaka 72. Alitangaza siku ile ile. Tarehe 27 Mei 2025, Budapest, Hungary, ziara ya miaka hamsini ikaanza, na kwenye kiti chake alikaa mwingine, Simon Dawson. Doctor Doctor ikapigwa, taa zikazimwa.