Setilaiti Ikipita Juu ya Kilifi: Jinsi ya Kunasa Taarifa Zake na Kuwagawia Wengine

Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande, uliozunguka dunia kwa takriban dakika 92.

Setilaiti ya namna hiyo haisikiki wakati wote. Kituo kimoja cha ardhini huipata kwa dakika 10 hivi inapopita juu, tena mara chache tu kwa siku. Saa nyingine zote inaendelea kutuma mawimbi. Pasipo msikilizaji, taarifa hizo hupotea. Ndiyo maana wanaredio wa ridhaa wa nchi mbalimbali hujitolea kusikiliza. Wapo waliozinasa ishara za 1KUNS-PF, na hata kufumbua picha zilizopigwa na kamera yake.

Telemetria ni nini?

Telemetria ni taarifa ambazo setilaiti hutuma kuhusu afya yake: nguvu ya betri, kiwango cha joto, umeme unaotoka kwenye paneli za sola na hali ya redio. Ni sawa na kadi ya mgonjwa wodini, ambayo muuguzi huandika vipimo kila baada ya saa kadhaa. Kipimo kimoja hakimtoshi daktari. Vipimo vingi vikipangwa pamoja, huonyesha kama betri inachoka kila setilaiti inapoingia kwenye kivuli cha dunia, na wahandisi hupata nafasi ya kuzima baadhi ya vifaa mapema.

Kilifi na kazi hii

Pwani yetu si ngeni katika shughuli hii. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, ikawa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei angani. Baadaye antena za kituo cha Malindi zilipokea data za setilaiti ya Marekani ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004, na ya Italia ya AGILE, iliyorushwa mwaka 2007. AGILE ilizunguka karibu na ikweta, hivyo ilipita juu ya Malindi karibu kila mzunguko.

Kituo kile huendeshwa chini ya makubaliano ya serikali mbili, Kenya na Italia. Kituo cha kujitolea kinaweza kuwa juu ya paa la shule.

Kinachohitajika

Mtandao unaojulikana zaidi ni SatNOGS, ulioanzishwa Ugiriki mwaka 2014. Kituo chake kidogo huwa na:

1. Antena ya masafa ya megahezi 144 hadi 146 au 435 hadi 438, iliyofungwa mahali pasipozibwa na minazi wala majengo.
2. Kipokezi kidogo cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta.
3. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, yenye programu za SatNOGS, ambazo ni za bure.
4. Umeme na intaneti ya kuaminika.

Programu hukokotoa saa ambayo setilaiti itachomoza, huwasha kipokezi na kurekodi. Pia hurekebisha masafa, kwa sababu setilaiti inayokuja husikika juu kidogo na inayokwenda husikika chini, kama honi ya matatu inayopita kwa kasi. Kwenye megahezi 437, tofauti hiyo hufikia takriban kilohezi 10. Baada ya hapo rekodi hutumwa kwenye hifadhi ya pamoja, ambako wenye setilaiti, wanafunzi na mtu yeyote wanaweza kuisoma.

Tahadhari

Chumvi ya bahari hula chuma na viungo vya waya haraka, kwa hiyo viungo vifungwe vizuri visiingie unyevu, na vikaguliwe kabla ya masika. Antena iwekewe waya wa ardhini dhidi ya radi. Shule iwasiliane kwanza na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Anayetaka kutuma mawimbi, si kupokea tu, ni lazima awe na leseni ya redio ya ridhaa.

Faida yake

Setilaiti iliyo kilomita 400 juu inaweza kusikika ikiwa umbali wa kilomita 2,000 hivi kutoka kwa msikilizaji. Msikilizaji wa Ugiriki hawezi kuisikia inapopita juu ya Bahari ya Hindi. Aliye Watamu, Mambrui au Kilifi mjini ataisikia hadi ng'ambo ya Ushelisheli. Baharini vituo ni vichache, na kila kipande cha taarifa kinachonaswa kutoka pwani hii huziba pengo ambalo walio mbali hawawezi kuliziba. Kwa mwanafunzi wa fizikia, hilo ni somo lenye data halisi, ambayo yeye mwenyewe ameikusanya na mhandisi mahali fulani anaisubiri.