Utunzaji wa Viendeshi katika Kiini cha Linux: Msimbo Huria na Suala la Uyatima

1.0 Utangulizi

Sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi wa tarakilishi huitwa kiini. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu, kupanga zamu za programu na kuamrisha vifaa. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Mwaka wa 1992 kiliwekwa chini ya leseni ya GPL, ambayo humruhusu yeyote kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuusambaza. Huenda ikadhaniwa kwamba msimbo ulio wazi kwa wote hauwezi kukosa wa kuuangalia. Makala haya yanashikilia kwamba uwazi pekee hautoshi. Kiendeshi hudumu pale tu penye mtu wa kukitunza.

2.0 Dhana ya Kiendeshi

Kutokana na kitenzi 'endesha' hupatikana nomino 'mwendeshaji', ambaye ni mtu, na 'kiendeshi', ambacho ni chombo. Katika taaluma ya tarakilishi, kiendeshi ni programu inayofanya kazi mfano wa mkalimani. Kiini hutoa agizo la jumla, kwa mfano 'soma data hii', nacho kiendeshi hulifasiri kwa lugha ya kifaa mahususi. Kwa kuwa vifaa ni vingi na kila aina ina lahaja yake, viendeshi huchukua zaidi ya nusu ya msimbo wote wa Linux.

3.0 Sababu za Kuharibika kwa Kiendeshi

Msimbo hauliwi na kutu. Kiendeshi kilichoandikwa miaka kumi iliyopita huweza kubaki bila kubadilika hata herufi moja, lakini kiini kinachokizunguka hubadilika kila uchao. Linux huahidi utulivu kwa programu za watumiaji. Haiahidi kwamba njia za ndani za mawasiliano kati ya kiini na viendeshi zitabaki zilivyo. Kanuni ni kwamba anayezibadilisha njia hizo sharti avirekebishe viendeshi vyote vilivyomo katika msimbo rasmi. Kiendeshi kilicho nje ya msimbo huo ni mzigo wa mwenyewe.

Hata hivyo, kurekebisha si kujaribu. Mrekebishaji aweza kuhariri mamia ya viendeshi pasi na kumiliki hata kifaa kimoja kati ya vinavyohusika. Mwenye kifaa ndiye awezaye kuthibitisha kwamba tafsiri ingali sahihi.

4.0 Mtunzaji na Hadhi ya Kiendeshi

Ndani ya msimbo wa Linux mna faili iitwayo MAINTAINERS, yenye orodha ya watunzaji na hadhi ya kila sehemu. Kuna sehemu ambayo mtunzaji wake hulipwa, inayotunzwa bila sharti la malipo, inayopata marekebisho ya hapa na pale, na iliyo yatima. Mtunzaji hupokea viraka, huvihakiki, kisha huvipeleka kwa watunzaji wa ngazi za juu hadi vimfikie Torvalds.

Mfano mwafaka ni kiendeshi cha disketi. Mnamo Julai 2019 Torvalds alikitangaza kuwa yatima kwa sababu mtunzaji wake hakuwa tena na kifaa kinachofanya kazi. Disketi zenyewe zilikuwa zimeadimika, lakini kiendeshi kilikuwa kingali kinatumika katika tarakilishi za kuigizwa. Kasoro ndani yake zilikuwa bado hatari kwa watumiaji wa leo. Baadaye msanidi aliyekuwa akitoa viraka vya kuziba kasoro hizo aliuchukua utunzaji wake, na kikapewa hadhi ya marekebisho ya hapa na pale.

5.0 Hitimisho

Imebainika kwamba leseni huria hutoa ruhusa ya kurekebisha, wala haimteui mrekebishaji. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kiini cha Linux nyufa zi wazi kwa kila mwenye macho. Linaloamua hatima ya kiendeshi ni kama yupo mmoja aliye tayari kuziziba, naye ana kifaa mkononi.