SOMO LA MAKATIBU: KIOO CHA KOMPYUTA KINAPOCHEZA



Kioo kikichezacheza, msikimbilie kununua kingine. Fedha hizo ni za wanachama.

Kwanza, hifadhini hesabu katika flashi.

Pili, tazameni taa. Zikicheza pamoja na kioo, umeme wa volti 230 haufiki sawasawa. Zimeni kompyuta, mwiteni fundi umeme.

Tatu, taa zikiwa zimetulia, zimeni kompyuta, kazeni waya wa kioo pande zote mbili, au badilisheni waya.

Nne, kiungeni kioo kwenye kompyuta nyingine. Kikitulia, ubovu umo katika kompyuta ya kwanza. Kisipotulia, kioo ndicho kibovu. Msikifungue: umeme hubaki ndani hata baada ya kuzimwa.

Wakati wa matengenezo, uzito wa mazao uandikwe daftarini. Mkulima aliyeteremsha karafuu zake kutoka milima ya Uluguru asipoteze hata kilo moja.