Kutafuta Mababu Pale Habari Zinapokatika

Mhariri ameniomba niwaandikie wasomaji wa kurasa hizi za Kiswahili maneno machache juu ya kutafuta habari za mababu, kwa sababu amesikia kuwa wanafunzi wengi wanaojaribu kazi hiyo hufika kwa babu, au kwa baba wa babu, kisha njia hukatika. Nitaeleza yale tuliyoyaona katika jamaa yetu huku Buganda. Ninyi mtokao Busoga, Acholi au kwingineko mtayapima kwa desturi za kwenu.

Kwetu jambo hili si mchezo. Kwa desturi Muganda haoi katika ukoo wake. Aendapo kwa wakwe huulizwa ukoo, jina la baba na la babu, na tena matawi ya ukoo aliyomo: ssiga, mutuba, lunyiriri. Kutaja hivyo kwa mpango huitwa kulanya, na kijana asiyeweza hutazamwa kama mtu aliyeokotwa njiani. Miaka kadhaa iliyopita mtoto wa kaka yangu alitaka kuoa binti wa ukoo wa Ngabi, yaani pongo. Nasi tulihesabiwa kuwa Ngabi. Wazee wakakataa mara moja, na shauri lingeishia hapo kama shangazi yangu, aliyekuwa mzee sana, asingesema, "Lakini baba yetu hakuzaliwa Ngabi. Alilelewa tu."

Basi alizaliwa wapi, na nani? Shangazi alijua mambo mawili tu. Babu aliletwa angali mtoto, wakati wa malale. Na baba yake aliitwa Ssalongo.

Hapo wengi wangefunga daftari, maana Ssalongo si jina. Ni heshima apewayo kila mwanamume aliyezaa pacha, na mama yao huitwa Nnalongo. Ukiuliza mahali popote katika Buganda habari za Ssalongo utaletewa watu mia. Lakini itazameni sawasawa heshima hiyo. Inatuambia kwamba nyumba hiyo ilikuwa na pacha, na majina ya pacha kwa Kiganda hayachaguliwi: wavulana ni Wasswa na Kato, wasichana ni Babirye na Nakato. Mtoto anayewafuata ni Kizza, na baada yake Kamya. Kwa hiyo tulikuwa tumepewa majina ya ndugu za babu bila kujua. Waacholi na Walango wana jambo kama hili: Opio na Ocen ni pacha, na Okello huwafuata. Ukiona Okello peke yake katika orodha, waulizie wawili waliomtangulia.

Hii ndiyo shauri yangu kubwa kwenu. Mkikwama kwenda juu, nendeni kando. Acheni kumtafuta baba. Watafuteni ndugu, jirani, msimamizi wa ubatizo, na mtu aliyemlea mtoto. Huenda mmoja wao aliandikwa vizuri zaidi kuliko babu yenu.

Sasa juu ya malale. Ugonjwa huu, uitwao mongoota kwa Kiganda, ulianza kuua watu pwani ya ziwa la Victoria karibu na mwaka 1900, na hukadiriwa kuwa watu zaidi ya 200,000 walikufa katika Buganda na Busoga. Mbung'o wanaoueneza hukaa katika vichaka vya ukingoni. Gavana Hesketh Bell akaamuru watu waondolewe pwani, na mwaka 1909 hata wenyeji wa visiwa vya Ssese wakahamishwa. Vijiji vizima vikawa msitu. Mayatima waligawanywa katika nyumba za bara, wakakua wakitaja ukoo wa waliowalea, na wazee hawakupenda kuyasema hayo, kwa kuwa zamani hata mateka waliingizwa katika koo kwa njia ile ile. Ukimya wa mzee mara nyingi una maana hiyo. Usimbane. Muulize juu ya chakula.

Nasi tuliuliza juu ya chakula. Shangazi akasema babu hakugusa kamongo maisha yake yote, ingawa walezi wake walimla. Kamongo kwa Kiganda ni mmamba, na ni mwiko wa ukoo wa Mmamba, ambao mkuu wake, Gabunga, alikuwa jemadari wa mitumbwi ya Kabaka. Mtu wa ziwani, basi! Lakini angalieni: mwiko wa mtu mmoja hautoshi kuwa ushahidi, maana wengine huuheshimu pia mwiko wa upande wa mama. Na kwa wanawake lazima uangalie zaidi, kwani zamani wanawake wa Buganda hawakula kuku wala mayai, wa ukoo wowote ule.

Tukaenda parokia moja ya Mapadre Weupe upande wa Masaka. Mapadre hawa walifika Buganda mwaka 1879, na daftari zao za ubatizo, kwa Kilatini, hutaja baba, mama, mahali na msimamizi. Babu tulimpata, amebatizwa mwaka 1912, na mahali pa baba pameachwa wazi. Tukarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa tukitafuta Wasswa. Kazi hii ilichukua siku mbili. Mwaka 1910 yumo Wasswa, kijana, mama yake ni yule yule aliyetajwa kwa babu, na msimamizi ni yule yule. Safari hii padre ameandika jina la baba, na mahali: Sesse.

Juu ya tahajia ya daftari hizo niseme neno. Wazungu wa kwanza walikuja na wakalimani wa Kiswahili, ndiyo maana Buganda ikaitwa Uganda, Busoga ikawa Usoga na Bunyoro ikawa Unyoro. Msipoona mahali penu kwenye B, tazameni kwenye U. Tena L na R hubadilishana: Lubaga na Rubaga ni kilima kimoja.

Miaka nayo haitajwi kwa hesabu. Mzee akisema alichunga mbuzi mwaka lilipoungua kanisa la Namirembe kwa radi, ni 1910. Reli kufika Kisumu ni 1901.

Watu waliporuhusiwa kurudi visiwani, Wasswa alirudi. Wajukuu zake tuliwakuta Kalangala, ni Mmamba, nao walilanya mbele yetu bila kusita, wakimtaja yule Ssalongo kwa jina lake. Wazee wa Ngabi walikaa vikao vitatu. Kijana alioa, baada ya sisi kuwapelekea shukrani kwa kumlea babu. Nadhani walifanya haki, ingawa najua wazee ambao wangesema aliyelelewa amezaliwa. Kwa ajili hiyo siwategemei sana wale wanaouza vipimo vya damu siku hizi: ukoo ni sheria ya watu, haumo katika damu peke yake.

Nyaraka za serikali zilizokuwa Entebbe sasa ziko Wandegeya, Kampala. Humo mtapata machifu na mashamba. Watu wadogo ni haba. Anzeni na shangazi, kisha parokia.

Kato hatujampata. Katika daftari hayumo, na watu wa Kalangala wanajua tu kwamba alivushwa kwa mtumbwi mwingine. Kama kuna msomaji ambaye kwao, upande wa Bukakata au Masaka, hutajwa mtoto pacha aliyeletwa peke yake kutoka visiwani karibu na mwaka 1909, naomba aniandikie kwa mkono wa Mhariri.