SOMO LA VIKUNDI: Usimlipe Fundi Pesa Zote Siku ya Kumaliza



Wakati mmoja tuliitwa na kikundi cha akina mama pande za Isinya tukatazame tangi lao la maji. Fundi alikuwa amelimaliza wakati wa kiangazi. Tangi lilipendeza kweli, mbuzi akachinjwa, na siku hiyo hiyo fundi akalipwa mpaka shilingi ya mwisho. Masika ilipofika, ule udongo wetu mweusi ukafura, msingi ukasogea, na ukuta ukapasuka. Maji yote yakaenda. Fundi akapigiwa simu: leo yuko Namanga, kesho yuko Emali, kesho kutwa simu imezimwa. Tukauliza, "Mmebaki na pesa zake ngapi?" Mama mwenyekiti akajibu, "Hakuna. Sisi tulimaliza deni."

Basi leo tujifunze juu ya pesa za kuzuiliwa.

Ni pesa gani hizi?

Ni sehemu ya malipo ya fundi ambayo kikundi kinaishikilia mpaka kazi ijaribiwe. Makontrakta huiita ritensheni. Si faini, si kupunguziwa bei, na wala si chai ya kamati. Ni jasho la fundi, ila linangoja kidogo. Katika kazi nyingi za majengo hapa Kenya huzuiliwa asilimia 5 au 10. Nusu hutolewa kazi inapokamilika, na nusu ya pili baada ya muda wa kungojea kasoro. Kwa majengo ya kawaida muda huo mara nyingi ni miezi 6. Kwa kazi kubwa kama barabara huweza kufika miezi 12 au zaidi.

Tufanye hesabu

Tuseme tangi ni shilingi 400,000, na mtalipa mara nne, kila mara 100,000. Mkizuia asilimia 10, kila mara fundi anapata 90,000 na 10,000 zinabaki. Mwisho wa kazi amepokea 360,000, nanyi mmeshika 40,000. Tangi likikamilika mnampa 20,000. Miezi 6 ikipita bila kasoro, au kasoro zikiwa zimerekebishwa, mnampa 20,000 za mwisho. Jumla ni 400,000 zake zote.

Yaandikwe katika mkataba kabla ya jembe la kwanza

1. Asilimia ngapi itazuiliwa. Msimwambie fundi katikati ya kazi. Hiyo itakuwa ni kumnyang'anya.
2. Nani atasema kazi imekamilika, na kwa karatasi gani. Tarehe hiyo ndiyo inayoanza kuhesabu miezi.
3. Muda wa kungojea upitie msimu mmoja mzima wa mvua. Kwetu Kajiado ni Machi hadi Mei, au Oktoba hadi Desemba. Tangi au ukuta juu ya udongo mweusi haujajaribiwa mpaka unyeshewe.
4. Fundi akiitwa arekebishe kasoro, apewe siku ngapi. Aitwe kwa barua, na nakala ibaki kwenye faili.
5. Asipokuja, kikundi kitaita fundi mwingine na kumlipa kutoka pesa zilizozuiliwa. Risiti ziwekwe, na kinachobaki bado ni cha fundi wa kwanza.

Kumbukeni, kasoro ni kosa la kazi yake. Ng'ombe wakivunja mfereji, au mkiongeza chumba ambacho hakikuwa katika mapatano, hilo msilikate kwa fundi.

Upande wa fundi

Hapa tuseme ukweli. Tumeona pia vikundi vilivyokosea. Kikundi kimoja kilizuia pesa, halafu zikatumika katika mkopo wa wanachama. Miezi 6 ikaisha, tangi halikuvuja hata tone, fundi akaja kudai na akaambiwa "ngoja". Alingoja hadi akachoka, na vibarua wake pia walikuwa wanamngoja yeye. Huo ni wizi, hata kama umepigiwa kura mkutanoni.

Hata wakubwa huumizana hivi. Kampuni ya ujenzi ya Carillion kule Uingereza ilipoanguka Januari 2018, makontrakta wadogo waliokuwa chini yake walipoteza pesa walizokuwa wamezuiliwa, kwa sababu hazikuwa zimetengwa kando. Kwa hiyo, pesa hizi zitengwe benki, mweka hazina azisome katika kila mkutano, na tarehe ya kuzilipa iandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu. Mkishindwa kupatana, nendeni kwanza kwa wazee au kwa chifu. Ikishindikana, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inaruhusu madai yasiyozidi shilingi milioni 1.

Wale akina mama walichanga upya, wakajenga tena. Mara ya pili walizuia asilimia 10. Mvua ikanyesha, ufa mdogo ukatokea karibu na bomba, na fundi alirudi mwenyewe kuuziba. Siku ya kulipwa salio lake alikunywa chai nao.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kazi yetu ya mwisho, fundi alilipwa lini? Tulikuwa tumeijaribu kazi?
2. Je, kuna fundi tunayemdaiwa mpaka leo? Tutamlipa siku gani?
3. Nani kati yetu atashika nakala ya mkataba?