Mbio za Alfajiri na Kalamu ya Mwandishi

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Darasa letu la toleo hili linaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana nilipewa jukumu la kuandika makala ya Ramadhani. Kila siku baada ya Isha nilikaa na daftari hadi saa 8 usiku, nikiandika mstari na kuufuta. Ndani ya wiki moja nilikosa jamaa ya Alfajiri mara nne, na mara mbili kati ya hizo niliamka jua limeshatoka. Makala yenyewe ilihusu fadhila za sala ya usiku! Haikukamilika.

Mwenzangu wa chumbani hakunilaumu. Aliniambia tu, "Sheikh, kesho tukitoka msikitini, vaa raba."

Kesho yake tulizunguka viwanja vya chuo hapa Mbale. Mzunguko wa pili niliumaliza kwa kutembea, mkono kiunoni. Lakini usiku ule saa 4 nilikuwa nimelala, na Alfajiri niliamka kabla ya adhana. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: mbio zina uhusiano gani na kalamu?

Je, mbio zina nafasi katika dini?

Zinayo. Abu Dawud amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume ndiye aliyeshinda, akamtania kuwa hiyo ni malipo ya ile ya kwanza. Pia Mtume alimfundisha Abdallah bin Amr (r.a.), aliyekuwa akizidisha funga na kisimamo cha usiku, kwamba mwili wake nao una haki juu yake. Mimi nilikuwa nikiunyima mwili wangu haki hiyo kwa jina la kuandika mambo ya dini.

Mbio zinamfundisha nini mwandishi?

*Kwanza, kudumu.* Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, tunafundishwa kuwa amali anayoipenda zaidi Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Mkimbiaji anaijua maana yake kwa miguu. Ukikimbia kilomita 10 Jumamosi kisha ukalala wiki nzima, Jumamosi inayofuata unaanza upya. Kuandika ni vivyo hivyo. Nusu ukurasa kila siku itakufikisha mbali kuliko kurasa 10 za usiku mmoja wa hamaki.

*Pili, kuitunza pumzi.* Katika Sahihi Muslim kuna kisa cha Salama bin al-Akwa (r.a.), sahaba aliyesifika kwa mbio. Wakirejea Madina, mtu mmoja wa Ansari alikuwa akitafuta wa kushindana naye. Salama alimwomba Mtume ruhusa, akaruhusiwa. Hakutoka kwa kasi yote. Alijizuia mwanzoni ili kuhifadhi pumzi, kisha akaongeza mwendo, akampita na kutangulia kufika Madina. Mimi katika makala yangu nilitaka aya ya kwanza iwe na hoja zote, nikaishiwa pumzi kabla ya aya ya tatu.

*Tatu, akili kupata nafasi.* Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo kuwa mtu anapotembea hutoa mawazo mapya mengi zaidi kuliko anapokaa. Hao walipima kutembea. Kuhusu mbio nina ushahidi wangu mdogo tu: sentensi iliyonikatalia mezani mara nyingi hunijia nikiwa njiani, wakati jua linachomoza juu ya Wanale. Mwandishi wa Japani, Haruki Murakami, alianza kukimbia mwaka 1982, na mwaka 2007 alitoa kitabu kizima kinachounganisha mbio na uandishi wake. Kwa hiyo jambo hili si langu peke yangu.

Namna ya kuanza

1. Anza baada ya Alfajiri na nyiradi zako. Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika mapema ya siku.
2. Wiki mbili za mwanzo, kimbia dakika 2, tembea dakika 2, kwa dakika 20. Kama huwezi kuzungumza na mwenzako, umezidisha kasi.
3. Ukirudi, kabla ya kugusa simu, andika lile lililokujia, hata likiwa neno moja.
4. Maumivu ya goti au mfupa usiyapuuze. Pumzika.

Tulio Mbale tusitoe udhuru. Kapchorwa, anakotoka Joshua Cheptegei aliyeshinda dhahabu ya mita 10,000 Paris mwaka 2024, iko kwenye mlima huu huu wa Elgon. Hatutakiwi kufika kwake, tunatakiwa kutoka bwenini.

Tahadhari

Vazi listiri uchi, nasi akina kaka tukumbuke kuwa kaptula fupi haitoshi. Dada zetu wana haki hii kama sisi, ila njia haiwi salama kwao kama ilivyo kwetu, basi jumuiya iwapangie muda na uwanja wao. Wala tusikimbilie sala: tumefundishwa kuiendea kwa utulivu, hata iqama ikishasikika. Na tuchunge nia, maana riyaa huingia hata kwenye raba.

Mbio hazitakupa elimu usiyoisoma, wala hazitaandika badala yako. Kwangu zilirudisha usingizi mahali pake, usingizi ukarudisha Alfajiri, na Alfajiri ikanipa saa moja tulivu ya kuandika. Makala ya Ramadhani ya mwaka huu niliikamilisha kwa siku 18. Sidai kuwa ni bora kuliko za wenzangu. Lakini hakuna hata aya moja niliyoiandika kwa kuipoteza sala.

Allah atujaalie miili yenye nguvu katika utiifu Wake, na kalamu zenye manufaa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.